Kuondoa Makunyanzi katika Vitambaa vya Kutarizi

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kericho



Halmashauri imenipa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni namna ya kuondoa makunyanzi katika vitambaa vinavyotariziwa kwa mshono wa msalaba. Najua ya kuwa wako wazee waliofika leo wakitazamia kusikia habari za karo za watoto, misaada ya mazishi, na hesabu ya fedha. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine za taarifa hii, nanyi mtazisoma kwa nafasi. Lakini hesabu ya fedha haianzi katika daftari la karani. Huanza mikononi mwa mtu anayefanya kazi, na sehemu ya fedha zetu hutoka mikononi mwa akina mama wenye sindano. Kwa hiyo naomba mnivumilie.

Thamani ya kazi yenyewe

Vitambaa hivi mnavifahamu. Ndivyo vinavyotandikwa juu ya makochi, juu ya meza, na juu ya redio, katika nyumba nyingi za Kenya, za matajiri na za maskini. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, kushona kulikuwa miongoni mwa mafunzo yaliyotolewa katika vikundi vyake, na tangu hapo mama amemfundisha binti, na jirani amemfundisha jirani. Hapa petu kazi hii imekuwa pia lugha ya ujirani. Mashamba makubwa ya chai yalipoanza kupandwa Kericho katika miaka ya 1920, watu walikuja kutafuta kazi kutoka Kisii, kutoka Nyanza, na kutoka nchi ya Waluhya, wakakaa pamoja na wenyeji Wakipsigis. Akina mama wasiojua lugha moja waliweza kuketi penye mlango mmoja katika nyumba za laini, wakaonyeshana ua au ndege juu ya kitambaa bila kuhitaji mkalimani.

Sasa, wazee wangu, naomba tupige hesabu pamoja. Katika mshono huu kitambaa huwa na vijumba vidogo, na katika kila kijumba sindano hupita mara mbili, kutoka pembe hata pembe, ikafanya msalaba mmoja. Kitambaa kile kiitwacho Aida, kinachotumika sana kwa kazi hii, mara nyingi huwa na vijumba 14 katika kila inchi moja. Ua lenye vijumba 100 kwa upana na 100 kwa urefu halizidi sana inchi 7 kila upande; kwa hakika laweza kufunikwa na sahani ya chakula. Lakini ndani yake, likijazwa lote, mna misalaba 10,000, na kila msalaba ni mishono miwili, yaani sindano imelala mara 20,000. Mama aliyekwisha kuchuma chai tangu asubuhi, akapika, akalaza watoto, akapata nafasi ya kushona misalaba 100 tu kila jioni, atamaliza ua hilo kwa jioni 100. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu.

Kazi ya miezi mitatu ikiletwa sokoni imekunjamana, mnunuzi haoni misalaba 10,000. Huona mstari uliokatiza katikati ya ua, na huuliza kama kitu hiki ni kipya au ni kikuukuu. Mara hiyo bei huteremka, na yule mama hana la kujibu. Tena hasara iliyo mbaya zaidi ni ile inayotokea nyumbani usiku wa kuamkia soko, mama anapoona aibu ya makunyanzi, akachukua pasi yenye moto mkali na kuikandamiza juu ya kazi yake kwa haraka. Kwa dakika moja huunguza jioni 100. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, nao hawakusema juu ya safari peke yake.

Asili ya kunyanzi

Yafaa kwanza tujue kunyanzi ni kitu gani, maana mtu hawezi kuponya ugonjwa asioujua. Sisi tunaokaa katika nchi ya chai tuna mfano ulio karibu. Jani la chai likitoka shambani lina maji mengi, nalo hunyaushwa kwanza kiwandani hata likalegea, ndipo lisokotwe bila kukatika ovyo. Lililosokotwa kwa mtindo wa zamani na kukaushwa hubaki limejipinda hivyo hivyo kwa miezi mingi, hata ukilibana kwa vidole halikunjuki, bali huvunjika. Lakini ulitie katika birika, ulimiminie maji ya moto, ulisubiri kidogo. Utaliona limekunjuka polepole hata likarudi kuwa jani.

Pamba nayo ni mmea, na tabia yake ni ya namna hiyo. Ndani ya uzi wa pamba mna nyuzi ndogo sana zilizoshikana. Maji yakiingia, mashikano yale hulegea. Maji yakitoka, hushikana tena kwa umbo lile lile ambalo kitambaa kilikuwa nalo wakati wa kukauka. Kikikauka kimenyooka, kitabaki kimenyooka. Kikikauka kimekunjwa, au kimesokotwa baada ya kukamuliwa, kitashika mkunjo huo kana kwamba kimeapa.

Kwa hiyo neno langu kuu leo ni hili: kunyanzi halitolewi kwa nguvu za mkono, wala kwa ukali wa moto. Hutolewa kwa maji kwanza, kisha kwa joto la kiasi, na kwa subira ya kukiacha kitambaa kikauke kikiwa kimenyooka. Waswahili husema, samaki mkunje angali mbichi. Nasi tuseme, kitambaa kinyooshe kingali kibichi.

Kuzuia ni bora kuliko kuondoa

Makunyanzi mengi huzaliwa wakati wa kushona. Akina mama wengi hutumia kile kiduara cha mbao cha kuwambia kitambaa. Kikiachwa kitambaani usiku kucha, wiki baada ya wiki, huacha alama ya duara iliyo ngumu kuondoka. Sababu yake si kubanwa peke yake. Ni kwamba uchafu na mafuta ya mikono hujikusanya penye ukingo ule. Dawa yake ni rahisi: kiduara kiondolewe kila jioni kazi inapokoma. Kadhalika yafaa kukizungushia utepe wa pamba nyeupe ili mbao isikiumize kitambaa.

Hapa tuna jambo letu la pekee, ambalo vitabu vya ushoni vilivyoandikwa Ulaya havina haja ya kulitaja. Mchuma chai anayechuma majani mawili na chipukizi tangu asubuhi hurudi nyumbani vidole vikiwa vimeshika weusi wa utomvu wa chai. Weusi huo ni rangi kamili, nao huingia katika kitambaa cheupe bila kuonekana vizuri kwa mwanga wa taa. Pasi ya moto ikipita juu yake, doa huzidi kushika. Kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni, na katikati ya vidole pia, kabla ya sindano kushikwa. Tena kazi isikunjwe na kutiwa mfukoni, bali izungushwe taratibu na kufungwa ndani ya kitambaa safi.

Kufua kabla ya kunyoosha

Kazi ikimalizika, isipigwe pasi kabla ya kufuliwa, hata ikionekana safi. Kazi iliyokaa miezi mitatu mapajani mwa mtu ina mafuta, vumbi na moshi wa jiko, na moto wa pasi huyakausha hayo yote ndani ya uzi.

Kabla ya kufua, zipimwe rangi. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kibandike nyuma ya ushoni penye uzi mwekundu, mweusi, au buluu nzito, ukikandamize kidogo, kisha ukitazame. Kikitoka na rangi, jua ya kuwa uzi huo huchuja, na kazi hiyo ifuliwe kwa maji baridi tu, upesi, bila kulowekwa. Kama hakina rangi, tumia maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo. Usisugue ushoni, bali uukande polepole kwa viganja. Usitie dawa kali ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa maana hula rangi na kudhoofisha pamba. Kisha suuza mara nyingi, hata maji yawe safi kabisa.

Ikiwa rangi imechuja katikati ya kufua, usitishike, wala usianike. Endelea kusuuza kwa maji baridi yanayobadilishwa mara kwa mara, hata pasiwe na rangi tena majini. Rangi iliyo bado majini yaweza kutolewa. Iliyokwisha kukaushwa, na zaidi iliyokwisha kupigwa pasi, ni kazi kubwa mno kuitoa.

Juu ya maji yenyewe, Mungu ametujalia mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Kenya, na maji ya mvua ni laini, hayaharibu sabuni. Lakini yale ya kwanza yanayoteremka juu ya mabati huchukua vumbi na kutu. Yaachwe yapite, yakingwe yanayofuata, tena yachujwe kwa kitambaa.

Kisha kitambaa kisikamuliwe kwa kusokotwa. Hapo ndipo wengi huzalisha makunyanzi mapya wakidhani wanaondoa maji. Kilaze juu ya taulo safi, uvizungushe vyote viwili pamoja kama mkeka, ubonyeze, na taulo litanyonya maji. Ukikunjua utakikuta kibichi bila kutona. Huo ndio wakati wa pasi, si kesho.

Pasi na matumizi yake

Kwanza tengeneza mahali. Meza iwe imara, itandikwe blanketi lililokunjwa mara mbili, na juu yake taulo nene jeupe. Kazi ilazwe kifudifudi, yaani uso wa maua ukielekea chini. Maana ya kufanya hivyo ni kwamba misalaba ina kimo chake, nayo hupendeza kwa sababu imesimama kidogo juu ya kitambaa. Pasi ikipita usoni huibapa, ikang'aa vibaya kama suruali iliyochakaa. Ikilazwa kifudifudi juu ya taulo, misalaba huzama katika ulaini wa taulo, na pasi hunyoosha kitambaa peke yake.

Pili, pasi isisukumwe mbele na nyuma kama mtu anayepiga randa. Iwekwe, ikandamizwe kidogo, iinuliwe, iwekwe mahali pengine. Ikiwa lazima isogezwe, ifuate njia ya nyuzi, kwenda juu au kwenda upande, wala isipite mshazari kutoka pembe hata pembe, kwa sababu kitambaa kivutwapo mshazari hunyumbuka, na ua lililokuwa mraba hupinda.

Tatu, joto lipimwe. Wenye pasi ya stima wataona alama za nukta: nukta moja ni joto lisilozidi nyuzi 110, nukta mbili ni nyuzi 150, na nukta tatu ni nyuzi 200. Pamba safi na kitani huvumilia nukta tatu. Lakini wengi wetu hapa hushona kwa nyuzi za sufu ya kiwandani, ile inayouzwa madukani kwa rangi nyingi na bei nafuu. Hiyo si manyoya ya kondoo wala si pamba. Asili yake ni mafuta ya petroli, nayo hulegea na kubapa ikipata moto mwingi, isirudi tena. Kwa kazi ya namna hiyo tumia nukta moja, weka kitambaa chenye unyevu katikati ya pasi na kazi, na usikandamize. Nyuzi zinazometameta kama dhahabu nazo zihesabiwe katika kundi hilo.

Wenye pasi ya makaa hawana nukta za kutazama, lakini wana akili zao. Makaa yawashwe nje hata moshi uishe. Pasi ijazwe mbali na kazi, na majivu yapeperushwe kabla ya kuingia ndani, maana cheche moja yatosha kutoboa. Kitako kipitishwe juu ya jani la mgomba ili kilainike, kisha kifutwe kwa kitambaa kikavu hata kisiache alama yoyote. Mwisho, ijaribiwe juu ya kipande cha pamba nyeupe kikuukuu. Kipande hicho kikigeuka rangi ya chai, basi pasi bado haijawa tayari, ingojewe ipoe.

Hapa nasema neno kwa wazee na kwa vijana pia, kwa kuwa ni jambo la uhai. Kericho ina baridi, na jioni watu hupenda kufunga milango na madirisha. Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu akiwa amelala. Yeyote apigaye pasi ya makaa na afungue dirisha na mlango, na akimaliza ayatoe makaa nje. Hakuna kitambaa kinachostahili kununuliwa kwa roho ya mtu.

Nne, kazi ikishakauka chini ya pasi isinyakuliwe mara moja. Iachwe ilale pale pale hata ipoe, kwa maana ikikunjwa ingali ya moto na yenye unyevu hushika mkunjo mpya.

Kwa asiye na pasi

Labda mama mmoja ataniambia, "Karani, unasema juu ya pasi, nami sina." Kwake nina habari njema. Njia ya zamani ya kunyoosha ushoni haihitaji moto. Tafuta ubao ulio sawa, uufunike kwa kitambaa cheupe safi. Laza kazi yako ikiwa mbichi, safari hii uso ukielekea juu, uivute taratibu, uibane kwa pini pembe nne, kisha katikati ya kila upande, kisha katikati ya zile ulizokwisha kubana, hata ukingo wote uwe umenyooka. Upime kwa utepe au kamba: pande zinazokabiliana ziwe sawa, na kamba ya kutoka pembe hata pembe iwe sawa pande zote mbili. Kisha iache kivulini ikauke yenyewe. Ikikauka, ondoa pini. Utaona imenyooka, tena imerudi katika mraba wake, jambo ambalo pasi peke yake haliwezi.

Sharti ni mbili tu. Pini ziwe za namna isiyoshika kutu, maana doa la kutu ni baya kuliko kunyanzi. Na ubao ukae mahali penye hewa, usilazwe chini, wala usiwekwe juani, kwa sababu jua hupausha rangi. Katika miezi ya mvua ya kila alasiri, huenda ikachukua siku mbili. Na iwe hivyo.

Mikunjo ya zamani

Kuna vitambaa vilivyokaa sandukuni miaka mingi vikiwa vimekunjwa mahali pale pale. Hivyo vilowekwe katika maji baridi kwa saa kadhaa, maji yakibadilishwa, ikiwa rangi zake hazichuji. Mkunjo ukikataa, changanya kijiko kimoja cha siki nyeupe na kikombe kimoja cha maji, uijaribu pembeni kwanza, kisha uulowanishe mstari ule, upige pasi juu ya kitambaa kingine chenye unyevu, na mwishowe usuuze siki yote itoke.

Mstari wa rangi ya kahawia penye mkunjo si mkunjo tu, bali ni uchafu na kanji ya zamani. Dawa yake ni kufua tena, pasi huuzidisha. Lakini lazima tuseme kweli: pamba iliyokunjwa miaka mingi hukatika nyuzi zake penye mkunjo, na nyuzi zilizokatika hazirudishwi na maji wala moto. Kitambaa cha namna hiyo kikipelekwa sokoni, mnunuzi na aonyeshwe kasoro yake waziwazi. Jina la Chama ni mali yetu sote, nalo likichafuka halifuliki kwa sabuni.

Kuhifadhi

Kazi iliyonyooshwa izungushwe juu ya bomba la karatasi nene lililofunikwa kwa kitambaa cheupe, uso wa maua ukiwa nje, isikunjwe. Isifungwe katika magazeti, kwa kuwa wino wake hutoka, wala katika mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu wa nchi yetu hufungiwa humo ukaleta kuvu. Kanji itiwe siku ya kuuza au ya kutandika tu, isitiwe katika kazi ya kuwekwa, maana mende na wadudu wengine huipenda. Na kila baada ya wiki chache sanduku lifunguliwe, hasa siku zile za ukavu kuanzia Disemba hata Februari, vitambaa vikapate hewa kivulini.

Ombi langu kwa Mkutano

Bwana Mwenyekiti, nimefika mwisho wa mafundisho, na sasa naja kwenye ombi. Nimesikia ikisemwa katika vikao ya kwamba ushoni ni mambo ya akina mama, na pasi ni mambo ya nyumbani, kwa hiyo fedha za Chama zisiguse mambo hayo. Naheshimu waliosema hivyo, kwa kuwa wanalinda hazina yetu. Lakini naomba tuyapime maneno hayo.

Mkulima wa chai akichuma vizuri, kisha majani yakachelewa njiani hata yakaharibika katika magunia, hatusemi ya kwamba usafirishaji ni mambo yake peke yake. Twatafuta njia ya kuyafikisha mapema, maana hasara yake ni hasara ya kijiji. Mama aliyeshona misalaba 10,000 yuko katika hali ile ile. Kazi yake imekwisha kufanyika, na kilichobaki ni hatua moja ndogo ya mwisho. Hatua hiyo yahitaji meza pana, taulo safi, pasi inayopimika joto, na nafasi isiyo na moshi wala watoto wanaokimbia. Katika chumba kimoja cha laini, ambamo familia nzima hupika na kulala, vitu hivyo havipatikani. Si uzembe wake. Ni ufinyu wa mahali.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, Chama kitenge meza moja katika chumba chetu cha mikutano, pamoja na pasi moja nzuri na mbao mbili za kubania vitambaa, ziwe za matumizi ya wanachama wote. La pili, akina mama wenyewe wachague wawili miongoni mwao watakaoangalia vyombo hivyo na kufundisha wengine, wala wasichaguliwe na sisi wanaume. La tatu, kitambaa chochote kitakachouzwa kwa jina la Chama kipitie kwanza mikononi mwa hao wawili, kifuliwe na kunyooshwa, na bei yake iandikwe mbele ya mwenyewe.

Gharama ya vitu hivi Halmashauri itaipima, nami sitaitaja hapa, ila nasema hivi: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila kitambaa kinachouzwa kwa bei ya chini kwa sababu ya mkunjo ni fedha zilizokwisha kufanyiwa kazi, tukaziacha zidondoke mlangoni. Na kila mama anayerudi sokoni akiwa amevunjika moyo hushona kidogo zaidi mwaka unaofuata, hata sindano ikae na kutu.

Wazee wangu, ninyi ndio mliotufundisha ya kuwa mgeni hutazama kwanza ua wa nyumba kabla hajaonja maziwa. Akina mama wametimiza sehemu yao kwa jioni nyingi, taa zikiwa hafifu na mikono ikiwa imechoka. Sehemu iliyobaki ni yetu, nayo ni nyepesi. Naomba iamuliwe leo, kabla mkutano huu haujafungwa.